Nondo Aliyeshuka Masasi

Jumatano, Masasi

Eti aina mpya! Mkuu wetu wa kituo cha utafiti amegundua aina mpya ya nondo, na amemgundua kwenye dirisha la stoo yetu wenyewe.

Mdudu huyo mdogo namjua. Anakaa Newala, kwenye korosho zilizolala ghalani, na mabawa yake ni ya kahawia. Huyu wa dirishani amepauka. "Mama Rehema, huoni rangi?" mkuu aliniuliza asubuhi, huku akitia nukta nyekundu kwenye ramani ya ukutani. "Huyu ni mwingine kabisa. Yule wa Newala hashuki huku."

Hashuki! Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe, mkuu naye amegeuka mfanyabiashara. Kila Jumamosi gari la kituo linapanda Newala kumchukulia korosho, na magunia yanawekwa kwenye stoo hiyo hiyo. Nondo akisuguana na gunia njia nzima, unga wa mabawa unapukutika. Nani asingepauka?

Nikasema, kwa adabu zote, labda amekuja na magunia.

"Magunia gani?"

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Nina watoto shuleni, na uhamisho nauogopa. Nikasema basi labda ni upepo.

Jioni akaja na jipya: nondo apewe jina lake yeye mkuu. Naonaje?

"Linamfaa sana, mzee," nikamjibu, na hapo sikudanganya hata kidogo. Nani mwingine amemleta?