Kanyumba ka nyuma ya bustani

Souley, unakumbuka vile nilikuambia jana? Ile nyumba kubwa ya muzungu mukubwa wa mine ya shaba, ile sasa ni musée, mi naijua kuliko guide wao mwenye kutembeza bantu. Kambo wangu marehemu, baba ya papa, alikaa mule.

Basi leo tumeenda kuitembelea, famille yote. Guide akisema neno moja, miye nasema matatu. Papa akanipa jina: "Guide wetu." Kule juu, ku étage, nikaonyesha hata chumba: "Hapa njo kambo alikuwa analala." Bantu banapiga foto. Kambo Émerance, mama ya papa, anaangalia bustani ku dirisha.

Tukafika nyuma ya bustani. Maua, maua, kisha kanyumba kamoja ka matofali, mulango mufupi, dirisha hakuna.

Souley, nilisema nini pale. Nilisema kwa sauti: "Kumbe hata kuku za muzungu zilikuwa na villa."

Bote bakacheka. Hata guide.

Kambo hakucheka. Akavua viatu, akashika mulango. "Ézéchiel, baba yako nilimuzalia humu. Kambo yako alikuwa boy wa kupika. Kule juu tulikuwa tunapanda na ufagio tu."

Kuku, Souley. Nilisema kuku.

Mpaka sasa sisikii hata haya, sisikii kitu. Naangalia vidole vinaandika sawa vile ni vya muntu mwingine.

Papa alikuwa nyuma yangu, alisikia yote. Akainama, akaingia, kichwa kinagusa bati. Akaniita toka ndani, pole pole:

"Ingia, guide wetu. Kuku hazilume muntu."