Yaya, Fungua Kinywa Nione

Kampala

Yaya yangu Riziki, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, weye na bote ba nyumbani kule Baraka. Muko namna gani? Mugongo wa shemeji unaendelea? Miye niko. Kidonda kimekauka, nakula bugali ya laini, nalala. Mungu anasaidia.

Usishangae kuona karatasi wakati simu iko. Tangu bakate kipande cha ulimi wangu, nikituma audio batoto bako banacheka kwanza, kisha banauliza mama mudogo anasema nini.

Lakini audio yako weye niliisikia, nikairudilia tena na tena. Unasema ni jino tu. Yaya, mi sikuamini. Unaongea na shavu moja. Tena muke wa mutoto wako ameponyokwa na maneno: ati umeacha pilipili, ati kila asubuhi unatafutisha maziwa ya bafugaji ba Bibokoboko. Weye! Weye mwenye ulikuwaka unatafuna pilipili mbichi sawa karanga! Jino gani hiyo?

Najua juu ya nini unajificha. Ulisikia banganga ba hospitali banakata bantu na kubaki na vipande. Basi nikuambie ya kwangu yote, kisha utanijibu.

Mbele ya kunipasua, munganga alikuja kukaa karibu na kitanda. Bwana mupole, sauti ya chini. Hiyo peke yake ilinitia mashaka. Akasema: "Mama, tukitoa uvimbe, kipande kimoja tutapima. Chenye kitabaki ni cha kutupa tu. Utuachie tukipeleke labo?"

Cha kutupa! Unakumbuka Misisi, vile tulikuwaka tunaosha muchanga wa zahabu na marehemu bwana yangu? Yule munuzi alikuja na maneno matamu: mama, muchanga huu hauna kitu tena, acha nikusaidie kuutupa. Tukamuachia, hata aksanti tukamupa! Akaenda kuuosha tena nyuma ya nyumba yake, kisha tukamuona juu ya pikipiki mupya. Tangu pale, muntu akiniomba takataka yangu namuangalia mikono.

Nikamuuliza munganga anatafuta nini ndani. Akataka kunizungusha na maneno. Nikamuambia ulimi ungali wangu, haujakatwa bado, nitauliza mpaka achoke. Ndipo akaeleza. Kansere haiko kitu kimoja. Seli zake nyingi zinakufa na dawa. Lakini ndani muna zingine kidogo sana, zenyewe ndizo mama zao. Dawa inapita, zinajificha, muntu anasema nimepona, kisha zinaanza kuzaa upya. Banatafuta kuzitambua na kuzitenga, bajue zinaponyokaje dawa.

"Basi na weye unaosha muchanga," nikasema. "Juu ya nini uliniambia ni takataka?"

Akasema: "Mama, una haki. Nilisema vibaya."

"Na miye nitapata nini?"

"Pengine hakuna kitu. Dawa ikipatikana, pengine itakuwa ya muntu mwingine, kisha ya miaka mingi."

Yaya, kule Misisi hakuna hata mumoja aliniambiaka hivyo. Bote baliniahidia nyumba ya mabati. Nikakubali, lakini nikasema siku moja mutanionyesha.

Na balinionyesha kisha ya kunipasua, kidonda hakijakauka bado. Niliweka jicho kwenye mashine yao ya kuonea vitu vidogo. Ndani ya maji mulikuwa vitu vya muviringo, sawa mayai ya samaki, vimeshikana, vinaelea. Vizima! Miye navuta uji na murija, vyenyewe vinashiba. Hasira ilinipanda, nikatamani kuvitemea mate. Nikauliza vilianza lini mwilini mwangu. Munganga akasema hajui, lakini ningekuja wakati kidonda kilikuwa sawa punje ya maharagi, angekata padogo tu. Wakati ule, Yaya, mi nami nilikuwa nasema ni jino. Nilienda kulia kwenye ngazi.

Bado sibaamini sana. Kila nikirudi kupimwa nauliza vipande vyangu viko wapi na nani anavishika. Na weye baki na mashaka yako, siyakatazi. Lakini enda nayo mpaka mbele ya munganga, umuulize, umuchokeshe.

Sasa kaa kwenye mulango penye mwangaza. Muke wa mutoto wako ashike torche ya simu, apige picha chini ya ulimi na ndani ya shavu. Nimeshamuambia, usimukasirikie. Usinitumie audio tena.

Unisalimie shemeji, naye nataka aangalie kinywani mwako kwa macho yake. Mama mukubwa kule Ubwari, boti ikienda, umuambie samaki ndagala ziko hata huku lakini hazina ladha. Muchungaji wetu aendelee kuniombea, asikuambie tu kwamba maombi yanatosha bila munganga.

Sokoni Baraka bote banajua kinywa changu. Nani alinishindaka kubishana bei? Juzi jirani aliniuliza yaya yangu anaitwa nani. Nikafungua kinywa niseme Riziki, yakatoka mate tu. Enda wakati ungali unaweza kutaja jina langu.

Ni miye, mudogo wako mwenye hakuamini,
Mapendo