Ameacha Ndugu Wanne

Kaka yangu Mheshimiwa,

Siku waliyokuzika nilifunga duka langu la ushonaji hapa Ansab, Muscat, saa nne asubuhi, nikazima cherehani zote tatu, nikaegemeza simu kwenye vitambaa nitazame mazishi. Msomaji wa wasifu wako alianza vizuri: diwani vipindi viwili, cha pili ukiwa meya, kisha mbunge vipindi viwili. Akamalizia, "Ameacha mjane, watoto watatu na ndugu wanne."

Tuko watano, kaka.

Mwanaidi, fundi wangu, akanigeukia. "Dada Zuhura, wewe hawajakuhesabu?" Nikamwambia msomaji amekosea. Hata umekufa, bado nakupigia kampeni.

Hakukosea. Hesabu ile ilitoka kwenye karatasi ya wasifu wako wa kampeni, tuliyoiandika mimi na wewe sebuleni kwa mama, nilipokuja likizo kutoka Muscat kwa ajili ya uchaguzi wako wa kwanza. Nilikuwa bado mfanyakazi wa ndani, na wapinzani wako walishapata la kusema: "Dada yake anadeki kwa Waarabu, yeye ndiye atatuzibulia mitaro?" Ulicheka, lakini chai hukuimaliza. Nikachukua kalamu, nikafuta tano, nikaandika nne. "Ukishinda utanirudisha."

"Kabla wino wa kidole chako haujafutika, Zuu."

Nilikuwa wakala wako kituoni. Ulishinda kwa kura kumi na saba. Mitaro uliizibua kweli, soko ukaliezeka upya. Mtu wa kata yako akipiga simu, ulipokea hata ukiwa mezani. Mimi kila uchaguzi nilikukumbusha ile karatasi, nawe ukasema, "Ngoja hizi kampeni zipite." Zilipita tatu. Nikaacha kudeki, nikajifunza kushona, nikafungua duka. Nikadhani sasa naandikika.

Juzi nimekusomea khitma. Tulikuwa wanawake tisa, na wanane hawajawahi kukuona. Nilianza kuwasimulia ulivyokuwa ukijifunza kuhutubia mbele ya kuku wa mama, nikaona nacheka peke yangu. Nikagawa halua.

Sitawapigia nyumbani warekebishe. Kazi ile ilikuwa yako.

Pumzika, kaka. Wino ulifutika siku ya kumi na moja, nikiwa nimesharudi huku, naosha vyombo vya watu. Nilikuwa nauangalia kila asubuhi.

Mdogo wako,
wa tano.