Vigae Alivyoviziba Babu

Tarehe 3 Mei

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu,

Miaka yangu ni themanini na mbili. Nimemzika bibi yako, kaka zangu wote, na kila mfinyanzi aliyewahi kujilinganisha na mimi. Sijambo, magoti tu ndiyo yananisema. Wewe je, na maabara yako?

Sikia. Kampuni ya kokoto inataka kilima chetu, na shimo la udongo, na kaburi la bibi yako. Afisa ardhi kasema vile vigae vya kale ninavyofukua pale nikichimba, vikionekana ni vya udongo wa kilima hiki, basi ukoo wetu ni wa hapa tangu zamani na kilima hakiguswi. Ningemwambia kwa kunusa tu. Hataki pua, anataka mashine. Haya, mjomba wako anakuletea kasha. Vigae vyote vimo. Nimeviandaa mwenyewe, utafurahi.

Babu yako


Tarehe 11 Mei

Shikamoo Babu,

Natumaini magoti yametulia. Mimi mzima.

Kasha limefika. Babu, nilitegemea vigae, nimekuta vyungu vizima vinang'aa. Nani kaviunga? Hapa tunasaga kipande kidogo, mashine inasoma madini yaliyomo. Kila udongo una mchanganyiko wake. Mashine imesema ni udongo wa kilimani, lakini mkuu wangu anauliza: wa mababu, au wako? Hawezi kutia sahihi. Niambie ulivifanyaje, na kama kuna hata kigae kimoja hukukigusa. Kikao cha ardhi ni mwisho wa mwezi.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Mei

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Magoti yako palepale, nakuombea wewe ya kwako yadumu.

Swali gani hilo? Tangu lini chungu chenye ufa kikatoka nyumbani kwangu kwenda kwa watu? Nimeviloweka kwenye uji wa udongo mpaka vikashiba, nikaviunga, nikaviziba, nikavisugua, nikavichoma upya. Vilikuwa kama maganda ya karanga. Hakuna mwingine angeweza. Sikubakisha hata kimoja, mimi si mtu wa kazi nusu. Mwambie mkuu wako udongo wa mababu na wangu ni mmoja. Mwambie nimesema mimi.

Babu yako


Tarehe 24 Mei

Shikamoo Babu,

Pole na mawazo. Nilimwambia mkuu, bado hatii sahihi. Nimetoboa kila chungu nikitafuta mahali ambapo uji wako haukufika; umepenya mpaka ndani. Nikaomba tuje tuchimbe vingine, kampuni imenijibu uzio umeshawekwa. Vyungu viko mezani mbele yangu. Ni vizuri mno, Babu, na sina la kufanya.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Juni

Mke wangu mdogo,

Uzima upo. Barua yako nilisomewa na shangazi yako, macho yangu yaligoma.

Kikao kiliwapa kampuni kilima. Tingatinga lilianzia shimoni. Udongo wangu wamefukia nao mashimo ya barabara. Lilipogeukia kaburini nikasimama mbele yake. Dereva akaniambia, "Mzee, nami nimetumwa." Akazima mashine, akatusaidia kuchimba. Jeneza lilikuwa limekwisha. Bibi yako tumemweka katika chungu changu kikubwa, tumemzika upya nyuma ya jiko.

Vile vyungu kaa navyo. Kimoja kikivuja, nirudishie.

Akitokea mtu kuuliza kilima kilikuwa cha nani, chungu cha bibi yako ni cha udongo wa kilima hicho, na hakina ufa. Akikataa, amuulize shangazi yako. Akimkataa naye, amtafute yule dereva. Alikuwepo, alivua kofia.

Babu yako