Nilimkalisha Mzee Telesphory

Jumanne, 4 Juni 2024

Nimefika nyumbani Kasingirima, hapa Ujiji, bado nimevaa yunifomu. Mama kauliza mbona uso uko hivyo. Nikasema uchovu. Uchovu! Ngoja niandike kabla sijaanza kujidanganya mwenyewe.

Leo ndege yetu ilibeba jeneza. Si ajabu — njia hii ya Dar, Tabora, Kigoma tunabeba misiba kila mara na abiria wengi hawajui. Ila leo wenye msiba walikuwa pande mbili. Mbele alikaa Castory, mume wa marehemu, na kaka yake. Nyuma kabisa Mzee Telesphory, baba wa marehemu, na mwanawe Thobias. Mzee namfahamu tangu utoto, nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka hapa. Marehemu ni Agnesi. Agnesi aliyenisuka nywele za kipaimara! Sikujua hata kama amefariki mpaka nilipomwona mzee anapanda ngazi na kitambaa cheusi mkononi. Shikamoo yangu ilitoka nusu.

Ugomvi wao ni kaburi. Castory anataka mkewe azikwe kwao Kidahwe. Mzee anataka azikwe Ujiji, kando ya mama yake, maana Agnesi mwenyewe aliomba hivyo akiwa hospitali. Tena Castory alimrudisha kwa baba yake alipoanza kuugua, akaja kumkumbuka mochwari. Dar walikubaliana kwamba wakifika Kigoma wazee wa pande zote wakae kwanza, na jeneza lisiende popote kabla ya hapo.

Tulipopaa kutoka Tabora, ndipo kikanuka. Tukiwa bado chini Tabora, Thobias alikuwa amemsikia Castory kwenye simu akimwambia mtu kwamba kaburi limeshachimbwa na gari lisogee uwanjani. Kijana akafungua mkanda taa bado inawaka, akaenda mbele, akamkunja shemeji yake shati. Kaka mtu akainuka. Kahawa ikammwagikia sista mmoja kwenye mavazi yake meupe. Wengine wanapiga kelele, mwingine anasali, mwingine anarekodi — hawakosekani hao.

Dada Carmen, msimamizi wangu, akampigia kapteni. Kapteni akasema wasipokaa anageuza, polisi wawapokee Tabora. Nikamrudisha Thobias nyuma nimemshika mkono kama naongoza bwana harusi. Lakini mzee naye alikuwa amesimama. Hapigi kelele. Amesimama tu njiani, anasema hakai mpaka ajue mwanawe anapelekwa wapi. Na ndege inatikisika!

Nikamfuata Carmen nyuma ya pazia. Nikamwambia, dada, mzee anataka neno moja tu, kwamba jeneza halitakabidhiwa mtu mpaka pande zote ziwe zimeshuka chini pale. Nimwambie? Carmen akanishika bega. Akasema, "Mwambie. Mimi nitasimamia." Hivyo hivyo, sijaongeza neno.

Basi nikapiga magoti mbele ya mzee, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu, nikasema Mwidiwe, nikampa lile neno kwa Kiha. Akaniuliza, unasema wewe au wanasema wenye ndege? Nikamjibu, nasema mimi na yule dada mkubwa. Akakaa. Thobias naye akakaa. Hata yule wa kurekodi akaweka simu mfukoni. Carmen akafurahi sana, akasema hayo makofi ni dawa, nimfundishe. Nikamfundisha pale pale tukipanga vikombe — unakunja viganja kidogo, usipige kama unashangilia mpira. Nilijiona mtu wa maana.

Tukatua. Carmen akatangaza kwamba ngazi ya nyuma ina hitilafu kidogo, abiria wa mbele watangulie, wa nyuma wabaki wamekaa. Akaniambia nisimame katikati nisipitishe mtu, dakika mbili tu. Nikasimama, mikono nimetandaza, natabasamu. Natabasamu, mimi! Zile dakika mbili zikavutika mpaka watu wakaanza kujipepea na kadi za usalama. Thobias ndiye aliyechungulia dirishani. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu na Castory anakaza kamba.

Nikageuka kumtafuta Carmen. Yuko mlango wa mbele, anawaaga watu. Hakunitazama.

Thobias alipiga kiti ngumi. Mzee akaja mpaka usawa wangu. "Diana, ulinikalisha." Basi. Akageuka, akashuka kwa ngazi ya nyuma. Nzima kabisa, haina hitilafu yoyote.

Jumatano, 5 Juni

Ndege haijaondoka. Kuna kifaa cha injini kinasubiriwa kutoka Dar, labda siku kadhaa. Kwa hiyo tumekwama Kigoma — kapteni na Carmen hotelini, mimi kwa mama. Safari nyingine ningeshukuru Mungu, nikala samaki wetu wa migebuka mpaka nikatae.

Agnesi wamemzika asubuhi, Kidahwe. Haraka haraka, bila baba yake. Thobias na wenzake walifika udongo umeshafukiwa.

Nimekwenda hotelini. Carmen alikuwa anakunywa chai anaangalia ziwa. Nikamuuliza, dada, vipi? Akajibu kama anasoma tangazo. Abiria wakigombana unawatenganisha, upande mmoja unashuka kwanza, mwingine unasubiri. Ndivyo tulivyofundishwa. Na mpokeaji wa mzigo aliyeandikishwa ni mume, tangu Dar.

Mzigo!

Nikamwambia, ulijua hayo uliposema nimwambie mzee? Akasema alijua. Akasema angefanyaje, ndege iko angani na mzee kasimama, ilibidi akae. "Na alikaa, mdogo wangu. Ulifanya kazi nzuri." Alisema hivyo na kunisogezea chapati.

Sikuila. Nimerudi na bodaboda nalia, dereva ananitazama kwenye kioo, hajui aende mbio au asimame. Nimefanya kazi na Carmen miaka mitatu. Ndiye aliyenifundisha kufunga skafu. Nilipougua Mwanza ndiye aliyelala kwenye kiti kando yangu. Sasa naambiwa nilikuwa kamba ya kumfungia mzee.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa Mzee Telesphory wameweka matanga bila maiti. Mama kaenda na kisu chake kusaidia kumenya mihogo, kama anavyofanya kila msiba wa mtaa huu. Karudi mapema. Hakuna aliyemtukana. Wamemwambia tu, Mama Diana, pumzika, tunatosha. Kila alipoketi wakasogea.

Kakiweka kisu mezani bila kuniangalia. Hakijagusa hata muhogo mmoja.

Ijumaa, 7 Juni

Thobias kaja. Nilidhani amekuja kunipiga, nikamwambia mama abaki mlangoni. Kumbe katumwa.

Mambo yako hivi. Jumapili wazee wa pande zote watakaa nyumbani kwa mzee, na wa Kidahwe wamekubali kuja. Mzee anaomba Agnesi ahamishwe aletwe Ujiji, na wazee wa Kidahwe wenyewe si watu wabaya, wamesema wakiona mzee alidanganywa hawatapinga, kibali cha kufukua kaburi watakiomba pamoja. Lakini Castory ameshawaambia kwamba mzee aliridhia. Kwamba alibaki ndani ya ndege kwa hiari yake, amekaa, hakufungwa kamba na mtu. Na kweli hakuna kamba. Kuna mimi.

Kwa hiyo mzee anataka nije niseme kwa nini alikaa. Thobias hakuketi. Hakunywa hata maji. Akasema baba yake haniombi, ananiita.

Nikasema nitakuja. Halafu nikasema na Carmen nitamleta, maana neno alilitoa yeye. Sijui kiherehere hiki nilikitoa wapi.

Jioni nimekwenda kumwambia. Alikuwa uwanjani mwa hoteli, mgongo kwangu, anaongea na ofisi Dar. Nilisikia jina langu nikasimama. Anasema Diana ni mtoto wa huko huko, anajuana na ule upande wa nyuma, ndiyo maana akaahidi vitu bila kuniuliza. Anasema Diana alipiga magoti na makofi kama yuko ngomani. Anasema alishtuka!

Alishtuka. Na viganja nilimkunja mimi.

Niliondoka bila kumsemesha. Nilitamani nimsukumie ziwani na simu yake, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Bosi kanipigia mwenyewe. Sauti ya upole, ile mbaya. Kampuni haiahidi abiria chochote kuhusu mzigo wa mwingine. Kama kuna mhudumu aliahidi, aliahidi kwa akili yake, na huyo hataruka tena. Kama hakuna aliyeahidi, basi hakuna tatizo, kesho kutwa turudi Dar kifaa kimefika. Nichague, kwa lugha nyingine.

Carmen kaja nyumbani. Kafika amebeba sukari na mchele kwa mama, kavua viatu mlangoni. Akalia. Sijawahi kumwona analia. Kasema ana watoto wawili na mume asiyeonekana, aliogopa, alipoulizwa na ofisi mdomo ukakimbia wenyewe. Nikamwambia, mimi nilisikia yote, usinipambe. Akajifuta machozi. Halafu akasema haya, kesho tutaingia pamoja kwa mzee. Atasema alinituma yeye. Ofisi watufukuze wote wawili au watuache wote wawili.

Nikamwambia aape. Akaapa kwa watoto wake.

Mama alisikiliza kutoka jikoni. Carmen alipoondoka akauliza, huyu ndiye aliyesema atasimamia? Nikasema ndiye. Mama akaurudisha mchele kwenye mfuko, akaufunga, akauweka nje ya mlango.

Nimemkasirikia mama. Mtu akiapa kwa wanawe utamfanyaje? Na mimi nataka kumwamini, huo ndio ukweli. Bila yeye ni neno langu dhidi ya Castory, na mimi ndiye niliyetandaza mikono.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwenye simu, nimekaa kwenye benchi uani kwa Mzee Telesphory. Akina mama wa matanga wanadhani nachati. Waache.

Tulikubaliana na Carmen tukutane barabarani kwenye duka la dawa, tuje pamoja. Nilikwenda mapema. Nikasubiri. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikajisemea labda bodaboda imeharibika, labda amepotea njia. Mjinga ana sababu nyingi. Mwishowe nikaja peke yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona mlangoni ni viatu vyake vya kazi, vile vyeusi, vimepangwa vizuri kando ya ndara za wazee.

Yuko ndani! Katangulia!

Wazee wa Kidahwe wako humo, Castory yuko humo, mzee yuko humo. Nikavua viatu niingie. Thobias akatokea mlangoni. Kasema yule dada mkubwa ameomba aanze yeye, amevaa sare, mgeni, wazee wamemkubalia. Nikamwambia, Thobias, tulipaswa kuingia pamoja. Akasema ndivyo hata yeye alivyojua, lakini dada kasema mimi nina uchungu sana, nitavuruga kikao, bora nisubiri nje nitulie. Nimwache aweke mambo sawa kwanza.

Ananitenganisha. Upande mmoja kwanza, mwingine usubiri. Ndivyo tulivyofundishwa.

Dirisha liko wazi, pazia linapepea. Namsikia. Sauti ya matangazo ile, tamu. Anasema anawaletea pole ya kampuni. Anasema ngazi ya nyuma ilikuwa na hitilafu kweli. Anasema binti yetu Diana ni mdogo, alimwona mzee wa mtaani kwao akaingiwa na huruma, akasema yasiyo yake. Mzee asimlaumu.

Castory anasema eeh, umesikia mzee?

Mzee anauliza kitu, sauti ya chini, sijakipata. Carmen anainuka. Kiti kimesogea. Sasa nasikia makofi. Taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, hapigi kama anashangilia mpira. "Mwidiwe," anasema, anakosea kidogo mwishoni. Wazee wa Kidahwe wanaguna kwa kupendezwa. Mwanamke wa Dar, na magoti chini!

Mzee Telesphory anamwitikia.

Nimesimama. Nimemwambia Thobias anipishe, naingia sasa hivi, baba yako anakalishwa tena. Thobias ananitazama kwa huruma. Anasema kaa, dada, dakika mbili tu. Na kasimama katikati ya mlango, mikono ameitandaza.