Majaribio ya Mbwajumali

Langoni, Lamu
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Kulthum,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta salama hapo Malindi, goti limepungua maumivu na shemeji ameacha kukuchua kwa mafuta ya gari. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Nasema sisi kwa mazoea tu, maana nyumbani niko mimi na paka. Ningekupigia simu, lakini wewe huiweka spika ukiwa jikoni, na mambo haya sipendi yasikizwe na wapangaji wako. Nusra bado hajarudi kutoka kwao Mbwajumali. Nataka mke wangu arudi, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Ila nivumilie nianze na redio.

Miezi miwili iliyopita idara moja ya serikali ilinadi vitu vyake vikuukuu kule Mokowe. Palikuwa na madawati, matairi, na redio kumi na nne za mawasiliano, zile zilizokuwa zikifungwa garini, unabonyeza kitufe cha maiki ndipo useme. Karani alitueleza kwamba fungu huuzwa zima, kama lilivyo, na hakuna kuwasha mpaka ulipie. Nikamwambia mimi nilioa kwa masharti hayohayo na sikujuta. Hakucheka. Basi nikazikagua kwa macho na pua. Redio iliyoungua ndani hunuka hata baada ya miaka, na iliyoingia maji ya chumvi huota kijani penye tundu za waya. Tisa zilinuka vumbi tu. Nikanunua.

Bwana Fawaz, mwenye boti pale Ras Kitau, alizitaka hizo tisa zikishathibitika. Kibali cha chaneli anacho yeye. Nikamweleza, kwa uso wa kitaalamu, kwamba jaribio la maana ni la mbali, na kwamba mbali panapofaa ni Mbwajumali, ng'ambo kule Pate. Nikasimamisha antena darini kwangu, nikampelekea Mahir, kakake Nusra, redio moja na betri ya gari. Mahir mchana haketi nyumbani. Nilijua atakayejibu ni nani.

Siku ya kwanza Nusra alihesabu moja hadi kumi, kavu, kama anayewahesabia watoto kabla ya kuwachapa, akafunga kwa kusema ova, lile neno la redioni la kwamba nimemaliza. Siku ya pili nikamwambia tarakimu hazitoshi kupima sauti, anieleze anachokiona. Akasema anaona ufuta ulioanikwa na mbuzi wa jirani anayeunyemelea. Siku ya nne nikamuuliza amepika nini, kwa ajili ya majaribio. Akanijibu kwamba hadhani serikali ilipokuwa na redio hizi ilikuwa ikiulizana mambo ya mchuzi. Kisha akanitajia: mkate wa mofa na papa wa nazi. Nikaandika daftarini: sauti safi.

Redio hizi, dada, mmoja akisema mwenzake hana budi kunyamaza. Miaka tisa mimi na Nusra tulikuwa tukikatizana maneno. Sasa ndiyo kwanza nimemsikia akimaliza maneno yake. Ana namna ya kuvuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Sikuwahi kuijua, na sasa naitafuta nyumba nzima.

Kuna nililokuficha. Nilikwambia amekwenda kumuuguza mama yake. Mama yake ni mzima, yuko shambani kila asubuhi. Mimi nilimpa Nusra talaka, moja, ukumbini, kwa ugomvi wa tangi la maji lililofurika. Akafunga nguo zake siku hiyohiyo. Na redio zilifaulu tangu siku ya kwanza. Wiki ya tatu hii Bwana Fawaz ananiuliza zina ugonjwa gani, nami namjibu bado nazisikiliza.

Jana nilishika maiki nikamwambia Nusra yote. Nikasema najua kisheria kumrejea ni neno langu peke yangu madamu eda haijakwisha, lakini sitaki kulitamka kabla ya kujua kama analitaka. Nikamuomba radhi kwa la tangi na kwa yaliyolitangulia tangi. Kisha nikangoja. Nikangoja mpaka jasho likanichuruzika. Nilikuwa karibu kulia ndipo nikaona kidole gumba changu kimekuwa cheupe: nilikuwa bado nimebonyeza. Mimi, fundi.

Nikaachia, nikamkuta katikati ya maneno. Nilichokipata ni kwamba talaka nilimpa uso kwa uso, basi rejea asitumiwe kwa spika ya gari la serikali. Kwamba siku zake za eda zinakwisha Ijumaa. Na kwamba mtu akija, aje na mashahidi wasiocheka ovyo. Aliloanza nalo sikulisikia. Sijui lilikuwa ndiyo au hapana. Nilipomuomba alirudie, alisema ova.

Kesho asubuhi nakwenda, kwa boti ya Bwana Fawaz. Nimemkiria uongo wangu, naye ametaka awe shahidi wa kwanza. Hasira zake, anasema, ataziweka mpaka tumalize. Barua hii atakuletea Bi Rawiya, na yeye hasafiri mpaka Jumamosi. Utakapoisoma, neno litakuwa limesemwa au muda wake umekwisha. Nimeona nikuandikie nikiwa bado sijui, kwa sababu nikishajua nitakusimulia kwa ujanja.

Msalimie shemeji, wanao uwabusu mmoja mmoja. Niombee kwa ajili ya Ijumaa hiyo, hata kama kwako imeshapita.

Nduguyo akupendaye,
Swafwan