Jicho Moja la Waridi la Amani

Baba,

Mama yuko salama. Naanza na hilo ili usihangaike kama ninavyohangaika mimi.

Nyumba yetu ya Tetu imechomwa. Watu wote wameamriwa na serikali kuhamia kijiji kipya kilichozungushiwa handaki na miiba. Waridi lako la mlangoni liliungua pamoja na paa.

Amri ilikuwa imetangazwa mapema, kwa hiyo kabla ya moto nilitoka kazini Nyeri, nikaenda nyumbani nikakata vijiti vya waridi hilo. Niliikumbuka ile hadithi uliyonisimulia kule Naro Moru, ukinoa kisu kwenye bustani ya memsabu, yule mwajiri wako Mzungu. Mfaransa aliyelizalisha waridi hilo aliona vita vinakuja, akawatumia marafiki wa nchi za mbali vijiti vyake, bila kujua ni kipi kitapona. Huko Amerika likastawi, na siku Berlin ilipoanguka likapewa jina la Amani. Memsabu akaliagiza kutoka Uingereza, nawe ukaokota alichopogoa. "Hakuna aliyepewa mti," ulisema. "Kila mtu alipewa kijiti tu."

Nilivifunga kama ulivyokuwa ukifunga, kwa kitambaa kibichi na kamba ya mgomba. Nilisahau jinsi watu wanavyoitazama kamba ya mgomba siku hizi, tangu ianze kutumika kwenye viapo vya siri vya wapiganaji wa msituni. Kwenye kizuizi cha barabara, homugadi mmoja kijana, mlinzi wa serikali, akanisimamisha, akazitazama nguo zangu za ofisini.

"Karani, hii ni nini?"

"Ni maua, afande."

"Maua gani haina maua? Hii ni ya kiapo! Unaitwa nani?"

Nikataja jina. Akaniuliza tena. Nikalitaja tena, Baba. Watu wamepelekwa kambini kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mwenzake, yule mzee wa Tetu uliyekuwa ukinywa naye chai, akacheka. "Wacha huyo. Ni mtoto wa Mzee wa Maua. Baba yake alikuwa anafunga miti bandeji, ati ni wagonjwa!"

Wakacheka wote. Hata hivyo yule kijana alivivunja vijiti, akavitupa handakini, kisha akanisukumia kwa buti kipande kimoja kilichobaki. "Chukua mgonjwa wako."

Kilikuwa na jicho moja zima, lile la kuchipulia.

Nimelipandikiza kwenye waridi mwitu la uzio, nyuma ya nyumba za makarani hapa Nyeri. Nilichana ganda, nikaliingiza jicho ndani, nikafunga. Tangu siku hiyo, nikisikia buti nje nadhani wamenifuata. Na kila asubuhi natamani kufungua nione kama bado ni kijani. Ulikuwa ukinipiga kofi mkononi: "Wewe! Ukichungulia, utaliua."

Pumzika kaburini, Baba. Sitachungulia. Likishika, mti wa kwanza utakuwa mlangoni kwa Mama, huko kijijini. Na kama watakuja kunichukua kabla halijashika, nimeshamwelekeza Mama lilipo. Nimemwambia asifungue.

Mwanao,
karani wa Nyeri